Kumbe si ujinga, ni upweke

Ukiambiwa kazi ya kikundi, wewe unaona nini? Wasee sita, mmoja anaandika, wengine wanatuma majina usiku wa manane. Mimi niliacha chuo nikijua kikundi ni hicho tu. Halafu nikasoma kisa cha Walatino kule Marekani.

Kilianzia kwa Weusi. Miaka ya 1970, mwalimu wa hisabati Uri Treisman, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kujua mbona wengi wao wanaanguka kalkulasi ilhali Wachina wa Marekani wanapita. Wenzake walikuwa na majibu tayari: ati hawa hawana bidii, ati wazazi hawajali masomo. Treisman hakubishana. Aliwafuata hadi wanakoishi, akaona wanavyosoma.

Bidii ilikuwepo. Lakini kila mtu alisoma kivyake, mlango umefungwa. Wachina nao walisoma peke yao kwanza, kisha wakakutana jioni, wakala pamoja, wakakosoana majibu. Hapo ndipo unagundua swali lililokushinda limewashinda wote. Ukiwa peke yako, unadhani ni wewe tu.

Basi akaanzisha vikundi vya Weusi na Walatino. Hakuwapa masomo ya kurudia ya "wanyonge", manze, aliwapa maswali magumu kuliko ya darasani. Mwalimu hahutubii, anazunguka, anauliza. Alama zikapanda vizuri. Mwaka 1988 mpango kama huo ukaanza Chuo Kikuu cha Texas, Austin, na Walatino wengi wakaingia.

Fikiria wewe ndiye wa kwanza kwenu kufika chuo. Ukipiga simu nyumbani, mama atakuombea, lakini kalkulasi hatakueleza. Ukiitwa darasa la wanyonge, utaona wamethibitisha ulichokuwa unaogopa. Ukiitwa kwa maswali magumu, ni heshima hiyo.

Ila si kila kikundi husaidia. Mlatino mmoja akitupwa kati ya watano wanaojuana tayari, atapewa kuchapa tu. Mwalimu lazima apange nani akae na nani, na swali liwe gumu kiasi kwamba hakuna anayelimaliza pekee.

Mimi hesabu ya mwaka wa kwanza ilinishinda mara mbili. Jamaa wa chumba cha pili hosteli, nilikuja kujua baada ya kuacha, alikuwa ameanguka karatasi hiyo hiyo. Tulikuwa tunasalimiana kila asubuhi tukienda kuoga.