Lakabu za Miji Yetu (3): Gitega ya Ngoma, Muyinga ya Mpakani

Wiki iliyopita tuliishia Arusha, inayoitwa Geneva ya Afrika, lakabu ambayo wengi huinasibisha na Bill Clinton. Naye alikuwapo pale tarehe 28 Agosti 2000, Warundi walipotia saini mkataba wao wa amani. Leo tuwafuate Warundi hao hadi kwao.

Gitega ina cheo na ina sifa, na viwili hivi tusivichanganye. Cheo hutolewa na wakubwa. Wajerumani walihamishia hapo makao ya utawala wao mwaka 1912. Wabelgiji waliofuata wakaipa Usumbura nafasi ya kwanza, nayo kwa jina la Bujumbura ikawa mji mkuu wa Burundi huru mwaka 1962. Mwanzoni mwa 2019 sheria ikairudishia Gitega hadhi ya mji mkuu wa kisiasa, Bujumbura ikaachiwa uchumi.

Sifa ya ngoma haikuhama miaka yote hiyo, kwa sababu ina mahali pake: Gishora, kilometa chache kaskazini mwa mji. Mwami Mwezi Gisabo alijenga boma lake pale baada ya kumshinda chifu mwasi Ntibirangwa, na ngoma mbili za heshima, Ruciteme na Murimirwa, zimetunzwa hapo. Ngoma ya Kirundi ni gogo la mti uitwao umuvugangoma, limechimbwa ndani, likawambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi. Wapigaji huingia uwanjani nazo kichwani huku wakizipiga, kisha huzipanga nusu duara kuizunguka inkiranya, ngoma ya kati inayoongoza mapigo. UNESCO iliiingiza sanaa hii katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Aliyewahi kusimama karibu anajua kwamba mshindo wake husikika kifuani kabla ya masikioni.

Kutoka Gitega, barabara ya Karuzi inakufikisha Muyinga, na huko mambo ni mengine kabisa. Muyinga ni mji wa njia. Mbele yake kuna Kobero mpakani, na ng'ambo ni Kabanga, Tanzania. Malori yaliyopakia bandarini Dar es Salaam huingilia hapo, na Kiswahili huja nayo. Mwaka 2025, mikoa 18 ya Burundi ilipopunguzwa hadi 5, Muyinga ilipoteza hadhi ya mkoa na kuunganishwa na Cankuzo na Ruyigi katika mkoa wa Buhumuza. Mpaka lakini haukusogea hata hatua moja, na mji unaendelea kula kwa jasho la njia ile ile.

Tukirudi kwenye lakabu, Kigoma ya Tanzania ilijivunia kuwa mwisho wa reli, na jina likashika kwa sababu reli ipo. Wakubwa wa Muyinga wakitaka kaulimbiu ya kuandika kwenye kibao cha kuingilia mji, mimi ningewashauri waandike Mlango wa Mashariki, tena kwa Kirundi na kwa Kiswahili, maana wanaoupita mlango huo wanazisema lugha zote mbili.

Wiki ijayo: Rumonge na mawese yake.