Metallica na Mashabiki Wake: Je, Kubadilika ni Kuharibika?

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii, ijapokuwa ilizaliwa penye minazi, inafumbata shutuma ambayo mashabiki wa muziki wa roki wamewatupia wasanii wao kwa miongo mingi: kwamba kundi lilipokuwa changa lilikuwa na ladha, na lilipopata sifa likaharibika. Miongoni mwa makundi yaliyoandamwa sana na shutuma hii ni Metallica la Marekani. Tangu katikati ya miaka ya themanini, wapenzi wa kundi hili wamekuwa wakizozana. Albamu ipi ilikuwa ya mwisho kuwa na thamani? Ni lini hasa kundi lilipoiacha njia yake?

Makala hii inanuia kuueleza mzozo huo. Haikusudii kuamua albamu iliyo bora. Inakusudia kuonyesha kwamba neno moja, 'kuharibika', limebebeshwa madai manne yaliyo tofauti: dai la mtindo, dai la namna ya kurekodi, dai la umaarufu na dai la umilki wa kazi. Kila dai lina ushahidi wake na lapaswa kupimwa kwa mizani yake. Suala hili linatuhusu wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili kwa kuwa nasi tumekuwa na mzozo wa aina hiyo, na mara nyingi tumeuendesha kwa mchanganyiko uo huo.

Chimbuko la kundi

Metallica iliundwa mjini Los Angeles mwaka 1981 na Lars Ulrich, mpigangoma mzaliwa wa Denmark, pamoja na James Hetfield, mwimbaji na mpigagitaa. Mwaka 1982 walirekodi kanda ya majaribio iliyojulikana kama No Life 'til Leather. Kanda hiyo haikusambazwa kwa njia za kawaida za biashara. Mashabiki waliinakili wenyewe na kupelekeana kwa posta, mji hata mji na nchi hata nchi. Baadaye zilifuata albamu tatu ambazo mashabiki wengi wa kale huziita msingi: Kill 'Em All (1983), Ride the Lightning (1984) na Master of Puppets (1986).

Mtindo wa albamu hizo uliitwa 'threshi'. Sifa zake kuu ni mapigo ya kasi mno, gitaa la umeme lenye sauti ya mkwaruzo, nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, na maneno yanayohusu vita, mauti, uraibu na dhuluma. Vituo vikubwa vya redio havikuupa nafasi muziki huu. Hivyo basi, shabiki wa siku hizo alikuwa mtu aliyejitahidi kuutafuta, na huko kuutafuta kukawa ndiko kitambulisho chake.

Tarehe 27 Septemba 1986, basi la kundi lilipinduka nchini Sweden. Cliff Burton, mpiga gitaa la besi, akafariki akiwa na umri wa miaka 24. Nafasi yake ilichukuliwa na Jason Newsted. Wapo mashabiki wanaoanza kuhesabu kuporomoka kwa kundi kutoka siku hiyo. Hii ni huzuni inayoeleweka, lakini huzuni si uhakiki.

Dai la kwanza: mtindo

Kwamba mtindo wa Metallica ulibadilika ni jambo lisilohitaji ubishi. Linasikika na linaweza kupimwa. Albamu ya ...And Justice for All (1988) ina nyimbo 9 zinazochukua takriban dakika 65, na wimbo wenye jina la albamu unakaribia dakika 10. Albamu iliyofuata, Metallica (1991), ambayo kwa sababu ya jalada lake huitwa 'albamu nyeusi', ina nyimbo 12 katika muda unaopungua kidogo. Nyimbo zilifupishwa, kasi ikashuka, na muundo wa ubeti na kibwagizo ukashika nafasi ya ule msururu wa sehemu nyingi. Hetfield, ambaye hapo awali alifoka zaidi ya kuimba, sasa aliimba. Wimbo wa 'Nothing Else Matters' ni wa mapenzi na una nyuzi za okestra zilizopangwa na Michael Kamen. Albamu za Load (1996) na Reload (1997) zilikwenda mbali zaidi kwa kuchota kutoka bluzi na muziki wa kantri. Wanakundi wenyewe walikuwa wamenyoa nywele zao ndefu, jambo ambalo kwa baadhi ya mashabiki lilikuwa sawa na kuvua sare.

Hata hivyo, historia inatuonyesha kwamba lawama hazikuanza mwaka 1991. Mwaka 1984, katika albamu ya pili tu, wimbo wa 'Fade to Black' ulianza polepole kwa gitaa lisilo la umeme, na tayari wapo waliosema kwamba kundi limelainika na kujiuza. Mwaka 1989 kundi lilitoa video yake ya kwanza, ya wimbo wa 'One', baada ya miaka ya kujiweka mbali na video, na malalamiko yakasikika tena. Leo nyimbo hizo mbili huhesabiwa na wengi kuwa sehemu ya ule 'ukale' unaotetewa. Kwa hivyo, mpaka kati ya asili na uasi umekuwa ukihamahama.

Dai la pili: namna ya kurekodi

Mara nyingi shabiki husema 'muziki umeharibika' ilhali anachokilalamikia si utunzi bali ni kazi ya studio. Mambo haya mawili ni tofauti kama shairi lilivyo tofauti na uchapaji wake.

Katika ...And Justice for All, gitaa la besi la Newsted halisikiki ila kwa shida. Utunzi wa albamu hiyo unasifiwa, lakini sauti yake imelaumiwa hadi leo. Mwaka 1991 mtayarishaji Bob Rock aliwataka wanakundi wapige pamoja studioni badala ya kila mmoja kurekodi sehemu yake peke yake. Matokeo yakawa sauti nzito na wazi ambayo hata mahasimu wa albamu nyeusi huikiri. Katika St. Anger (2003), iliyotayarishwa na Rock huyo huyo, Ulrich alipiga ngoma ndogo ya sneya bila kukaza zile nyuzi za chuma zilizo upande wa chini, ikatoa mlio ambao mashabiki wameufananisha na wa debe. Albamu hiyo pia haina solo za gitaa.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni Death Magnetic (2008). Kundi lilikuwa limemwacha Rock na kumchukua Rick Rubin. Solo zilirudi, nyimbo ndefu zilirudi, kasi ilirudi. Kwa upande wa mtindo, mashabiki walipewa walichokidai kwa miaka kumi na saba. Malalamiko hayakukoma. Sauti ilikuwa imekandamizwa na kupandishwa hadi ikapasuka, na waliolinganisha diski na nyimbo zizo hizo katika mchezo wa video wa Guitar Hero waligundua kwamba zile za mchezo zilikuwa safi zaidi. Maelfu walitia saini ombi la kutaka albamu ichanganywe upya. Kama 'kuharibika' kungekuwa jambo moja, kurudi kwa mtindo kungaliumaliza mzozo.

Dai la tatu: umaarufu

Albamu nyeusi ilishika nafasi ya kwanza Marekani mara ilipotoka, na imeuza zaidi ya nakala milioni 16 katika nchi hiyo pekee. Idadi hii hutumiwa na pande zote mbili. Anayeitetea albamu husema: watu wote hawa hawawezi kukosea. Anayeipinga husema: kilichowafaa watu wote hawa lazima kimetiwa maji. Hoja hizi zinaonekana kupingana, lakini zina kasoro moja. Zote zinachukulia kwamba wingi wa wasikilizaji unaweza kutuambia ubora wa kazi.

Idadi ya nakala hutuambia kazi imefika wapi na kwa njia zipi: video, redio, ziara ndefu. Haituambii zaidi ya hapo. Load, Reload na St. Anger nazo zilifika kileleni Marekani, na bado ni miongoni mwa albamu zilizowagawanya mashabiki zaidi. Kwa upande mwingine, wimbo wa 'Master of Puppets' haukuwahi kuingia katika orodha ya nyimbo 100 bora za Billboard ulipotoka mwaka 1986. Uliingia mwaka 2022, miaka 36 baadaye, baada ya kupigwa katika tamthilia ya televisheni ya Stranger Things. Vijana wengi waliusikia kwa mara ya kwanza, na baadhi ya mashabiki wa kale wakanung'unika kwamba hao si mashabiki wa kweli, ingawa kundi lenyewe liliwakaribisha hadharani. Katika wimbo huo hakikuwa kimebadilishwa hata kipigo kimoja. Kilichobadilika ni hadhira. Iwapo umaarufu ndio unaoharibu, basi itatubidi tuamini kwamba wimbo wa mwaka 1986 uliharibika mwaka 2022.

Dai la nne: umilki

Dai hili ndilo linalotajwa kwa nadra, na yamkini ndilo lililo zito kuliko yote. Mnamo Aprili 2000 Metallica iliishtaki kampuni ya Napster, ambayo programu yake iliwawezesha watu kupeana nyimbo kupitia intaneti bila malipo. Mwezi uliofuata, Ulrich aliwasilisha orodha ya majina zaidi ya 300,000 ya watumiaji waliodaiwa kupeana nyimbo za kundi. Kisheria, kundi lilikuwa likitetea haki yake. Lakini mashabiki walikumbuka kwamba ni kanda zilizonakiliwa na kupeanwa bure ndizo zilizolijenga jina hilo mwaka 1982. Walihisi kwamba waliosaidia kuchimba kisima sasa wanafukuzwa kisimani.

Hapa hatuzungumzii tena muziki. Tunazungumzia ni nani mwenye kazi ya sanaa: aliyeitunga au waliyoibeba? Shabiki anayesema 'kundi letu limetuacha' anatumia vimilikishi kwa makini kuliko anavyofikiri. Hasira nyingi zinazovishwa joho la uhakiki wa mtindo chimbuko lake ni hapa.

Mwanga wa nadharia

Nadharia ya upokezi yaweza kutufaa. Mwaka 1967, msomi Mjerumani Hans Robert Jauss alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Konstanz ambapo alieleza kwamba msomaji huikabili kazi mpya akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizokwisha kuzijua. Kazi mpya huweza kuuthibitisha upeo huo au kuuvunja, na baada ya muda upeo wenyewe husogea. Hivyo ndivyo 'Fade to Black' ilivyohama kutoka uasi hadi asili. Aliyeanza na Master of Puppets na aliyeanza na albamu nyeusi wanasikiliza Load kwa masikio yaliyofunzwa tofauti. Hakuna anayesema uongo, ila kila mmoja anapima kwa kipimo alichokipata kwanza na kukidhania kuwa ndicho kipimo pekee.

Funzo kwa wanafunzi wa Kiswahili

Msomaji wa jarida hili atakuwa amekwisha kuuona mfanano. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, mzozo kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko ulipamba moto. Ukiuchunguza kwa makini, utayakuta madai yale yale yaliyofungwa katika furushi moja. Lipo dai la umbo, yaani vina na mizani. Lipo dai la uwasilishaji, kwamba shairi lisiloimbika limepoteza sauti yake. Lipo dai la mapokezi, kwamba mashairi huru hayaeleweki na wengi, au kwamba yamependwa kwa kuwa ni mepesi kutunga. Na chini ya yote lipo dai la umilki: ushairi wa Kiswahili ni wa nani, na ni nani mwenye idhini ya kuubadilisha?

Mwanafunzi anayesema semina nzima kwamba shairi huru 'si ushairi' aulizwe analenga lipi kati ya hayo. Swali la umbo hujibiwa kwa matini. Swali la umilki hujibiwa kwa historia ya jamii, na haliwezi kumalizwa kwa kuhesabu mizani.

Hitimisho

Tumeona kwamba mzozo wa mashabiki wa Metallica umedumu kwa zaidi ya miaka arubaini kwa sababu wazozanao hawajibizani. Mmoja anazungumzia kasi ya mapigo, wa pili sauti ya ngoma, wa tatu wingi wa wanunuzi, na wa nne machungu ya kuachwa. Kundi lenyewe halijachagua upande. Katika ziara yake iliyoanza mwaka 2023, limekuwa likipiga usiku mbili katika miji mingi bila kurudia wimbo hata mmoja, za kale na za karibuni zikichanganywa pamoja.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na cha kale nacho kina unyemi wake. Mhakiki hatakiwi kuchagua kati ya methali. Anatakiwa, kabla ya kusema kwamba kazi fulani imeharibika, aseme ni nini ndani yake kilichobadilika, kimebadilika lini, na kinampotezea nani nini. Akishindwa kuyajibu hayo matatu, basi anatueleza habari zake mwenyewe, si za kazi anayoihakiki.