Hisa za chama si hisa za soko

Mwaka wa 2014 Kenya ilipiga marufuku filamu ya Martin Scorsese, The Wolf of Wall Street, kwa sababu ya ngono na matusi. Mimi iliyenitatiza ni neno moja tu. Nilimsimulia mama jirani hapa Amukura jinsi madalali wa filamu hiyo wanavyowauzia watu hisa duni kwa simu. Akauliza, “Sasa hao si wangengoja Desemba warudishiwe hisa zao?”

Kwake swali lina mantiki. Katika chama, “hisa” ni pesa unazoweka kila wiki, zikakopeshwa wenzako, kisha mwaka ukiisha unazipata pamoja na faida. Katika soko, hisa (fungu, kwa asili yake ya Kiarabu) ni kipande cha kampuni. Harudishiwi mtu, unamuuzia mwingine kwa bei ya siku hiyo. Waliozinunua za Safaricom mwaka wa 2008 kwa shilingi 5 waliiona bei ikishuka chini ya hapo, na kumbe hakukuwa na mweka hazina wa kudaiwa!

Nilipendekeza za chama tuziite “akiba”. Mama alikataa: akiba, asema, ni ile ya chini ya godoro.