Reli za Ulaya: Treni Yavuka Mpaka, Tiketi Yabaki Nyuma

Likitajwa bara la Ulaya, wengi wetu huwaza treni za kasi zinazopita mashambani kama mshale. Picha hiyo si ya uongo, lakini ni nusu ya habari. Ndani ya nchi moja, kama Ufaransa au Uhispania, treni hizo ni za kupigiwa mfano. Mambo hubadilika abiria anapotaka kuvuka mpaka. Hapo ndipo mtu wa Ulaya, pamoja na utajiri wote wa bara lake, huishia kukata tiketi ya ndege.

Tuchukue safari mbili tuzilinganishe. Kutoka London hadi Paris ni takriban kilomita 490 za reli, umbali unaokaribiana na wa Mombasa hadi Nairobi. Kati ya miji hiyo pana bahari. Hata hivyo handaki la kilomita 50 lilichimbwa chini ya bahari hiyo, na tangu Novemba 1994 treni za Eurostar hupita humo. Safari huchukua saa mbili na robo hivi.

Sasa tazama Lisbon na Madrid. Hapana bahari kati yao. Ureno na Uhispania ziko ndani ya Umoja wa Ulaya, na reli zao za kawaida zina upana mmoja. Lakini hakuna treni ya moja kwa moja kati ya miji mikuu hiyo miwili. Ile treni ya usiku iliyokuwako ilisimamishwa Machi 2020 wakati wa Korona, na haikurudi. Anayeshikilia kwenda kwa reli hubadilisha treni angalau mara mbili na kumaliza karibu siku nzima njiani. Ndege yamfikisha kwa saa moja na dakika chache.

Kwa hivyo penye bahari treni yapita, na penye nchi kavu haipiti. Kulielewa jambo hili yataka tuangalie mambo mawili: vyuma na karatasi. Vyuma ni reli, umeme na ishara. Karatasi ni tiketi, na swali la nani atakayemlipa abiria safari ikiharibika.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake

Sisi wa Pwani twaijua bandari ya Kilindini. Kontena inayoshushwa hapo ni ya vipimo vile vile vinavyotumika Rotterdam na Singapore. Ulimwengu ulikubaliana juu ya kipimo cha sanduku lile, na tangu hapo meli, lori na kreni zote zikaundwa kulifuata. Rubani naye anayetua Mombasa huzungumza na waongoza ndege kwa Kiingereza, awe ametoka Uturuki au Ethiopia.

Reli za Ulaya hazikupata makubaliano kama hayo mapema. Zilijengwa tangu karne ya 19, kila nchi ikijijengea mtandao wake kwa faida yake, na reli nyingi zikielekea mji wake mkuu. Matokeo yake ni haya.

Kwanza ni upana wa reli. Sehemu kubwa ya Ulaya hutumia upana wa milimita 1,435, sawa na SGR yetu. Reli za kawaida za Uhispania na Ureno zina milimita 1,668. Estonia, Latvia na Lithuania zilirithi milimita 1,520 za enzi ya Urusi na Muungano wa Kisovyeti.

Pili ni umeme. Ujerumani, Austria na Uswisi hutumia volti 15,000. Reli za kasi za Ufaransa hutumia volti 25,000. Reli za kawaida za Ubelgiji hutumia volti 3,000, na za Uholanzi volti 1,500. Ndiyo sababu baadhi ya treni zinazotoka Paris kwenda Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani zilibidi ziundwe ziweze kutumia aina nne za umeme. Treni ya namna hiyo ni ghali kuinunua na ghali kuitunza.

Tatu ni ishara. Mifumo ya kumwonyesha dereva apite, apunguze mwendo au asimame ilikuwa zaidi ya 20 barani humo. Treni inayovuka nchi tatu huenda ikalazimika kubeba vifaa vya mifumo mitatu.

Nne ni lugha. Dereva anatakiwa aijue lugha inayotumika kwenye reli anayopita, kwa kiwango cha kuweza kueleza hitilafu na kupokea amri. Wasioijua hushuka mpakani na kumwachia usukani dereva mwingine.

Yanayofanywa

Si haki kusema Wazungu wamekaa tu. Kwa upande wa ishara, wameunda mfumo mmoja wa bara zima unaoitwa ETCS, na unafungwa polepole kwenye reli na ndani ya treni. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa 2024 inataka njia kuu za abiria ziweze kupitisha treni za mwendo wa kilomita 160 kwa saa ifikapo 2040.

Kazi nyingine zaonekana kwa macho. Daraja la Öresund kati ya Denmark na Sweden lilifunguliwa mwaka 2000. Nchi hizo mbili hutumia umeme tofauti, lakini treni zilizonunuliwa kwa njia hiyo zaweza kutumia aina zote mbili, na maelfu ya watu hulala nchi moja wakafanya kazi nyingine. Handaki la Gotthard huko Uswisi, lenye kilomita 57, lilifunguliwa 2016 na kurahisisha njia ya kwenda Italia. Handaki jingine linachimbwa chini ya milima ya Brenner, kati ya Austria na Italia. Huko Estonia, Latvia na Lithuania inajengwa reli mpya ya Rail Baltica, yenye upana wa milimita 1,435, ili ziunganishwe na Poland.

Kuna pia hatua ndogo ambazo hazikuhitaji handaki wala daraja. Riga na Vilnius ni miji mikuu ya nchi jirani, na reli ilikuwako tangu zamani. Hata hivyo treni ya kila siku ya moja kwa moja kati yao ilirudishwa Desemba 2023. Paris na Berlin nazo zilipata treni ya kasi ya mchana ya moja kwa moja Desemba 2024, safari ya saa nane hivi. Reli zilikuwako, na watu walikuwako. Kilichokosekana ni makubaliano ya kampuni na serikali.

Abiria mmoja, tiketi mbili, hasara yake

Hapa twafika kwenye kiini cha jambo. Tuseme jamaa yako anaishi Hamburg na anataka kwenda Barcelona kumwona dada yake. Safari hiyo itampitisha Paris. Atanunua tiketi ya kampuni ya Ujerumani hadi Paris, kisha tiketi ya kampuni ya Ufaransa kutoka Paris hadi Barcelona. Akifika Paris, itambidi avuke mji, kwa kuwa treni za Ujerumani huishia stesheni moja na za Barcelona huondokea stesheni nyingine.

Sasa treni ya kwanza ikichelewa saa moja na nusu, ile ya Barcelona itakuwa imekwenda zake. Treni za moja kwa moja za njia hiyo ni chache kwa siku. Je, nani atampa tiketi nyingine? Nani atalipia chumba cha kulala?

Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu haki za abiria wa reli, iliyoanza kutumika Juni 7, 2023, yamlinda abiria vizuri iwapo safari yake yote imo katika tiketi moja ya mfululizo. Atarajiwapo kuchelewa kwa dakika 60 au zaidi, ana haki ya kuchagua kurudishiwa pesa au kupelekwa kwa njia nyingine. Ana haki ya chakula, na ya mahali pa kulala ikibidi. Akifika amechelewa kati ya saa moja na mbili hupewa fidia ya asilimia 25 ya nauli, na ikiwa ni saa mbili au zaidi hupewa asilimia 50, ingawa zipo sababu maalumu, kama vile tufani kubwa, ambazo huiondolea kampuni fidia hiyo.

Lakini mwenye tiketi mbili tofauti, machoni pa sheria, ana safari mbili tofauti. Kampuni ya kwanza itamfidia kwa kuchelewa kufika Paris tu. Kampuni ya pili itamwambia treni yake iliondoka kwa wakati, kosa si lake. Kila mmoja anasema kweli, na abiria amebaki kwenye benchi na mizigo yake.

Sheria hiyo inazilazimisha kampuni kuuza tiketi ya mfululizo kwa treni zao wenyewe. Haizilazimishi kuuza pamoja na kampuni ya jirani. Na kampuni nazo zina sababu zao. Kampuni kubwa ya taifa inayouza tiketi nyingi kwenye tovuti yake haina haja ya kumwonyesha mteja treni za mshindani. Vile vile hakuna anayetaka kulipia chumba cha abiria aliyecheleweshwa na mwingine.

Kuna kampuni kadhaa zilizokubaliana kwa hiari kwamba abiria aliyekosa treni kwa kucheleweshwa aruhusiwe kupanda inayofuata. Ni jambo la kushukuriwa, lakini hiari si haki. Julai 2024, Ursula von der Leyen, rais wa Tume ya Ulaya, aliahidi sheria itakayomwezesha abiria kununua tiketi moja mahali pamoja na kulindwa safari nzima. Handaki huchukua miaka kumi, hata ishirini. Sheria ya tiketi ni kazi ya wino na nia. Kwa maoni yangu, hapo ndipo Ulaya ingepata faida ya haraka kuliko popote pengine.

Na bei je?

Yupo atakayeuliza kwa nini ndege iwe rahisi kuliko treni. Mafuta ya ndege za safari za kimataifa hayatozwi ushuru, na tiketi za safari hizo hazina VAT. Treni hulipa ada kwa kila kilomita ya reli inayopita, na baadhi ya nchi hutoza VAT kwenye tiketi za treni zinazovuka mpaka. Treni za usiku zenye vitanda ndizo huumia zaidi, kwa sababu behewa la vitanda hubeba watu wachache kuliko la viti. Kampuni ya taifa ya Ujerumani iliacha biashara hiyo 2016, na kampuni ya Austria ikaichukua kwa jina la Nightjet. Nyingi ya treni hizo hutegemea msaada wa serikali, na msaada ukikatwa treni hufa.

Kwa jamaa zetu wanaosafiri

Wako wengi kutoka Pwani wenye ndugu Ulaya, na kila mwaka kuna anayekwenda kuzuru. Kwa hivyo tuyaweke haya wazi.

Viza ya Schengen hukuingiza katika nchi 29, lakini Uingereza haimo. Anayetoka Paris kwenda London kwa treni anahitaji viza ya Uingereza, na pasipoti hukaguliwa stesheni kabla ya kupanda. Hata ndani ya Schengen usiiache pasipoti nyumbani kwa mwenyeji wako. Nchi kadhaa zimerudisha ukaguzi mipakani. Ujerumani ilifanya hivyo kwa mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024.

Kwenye tiketi, tafuta kwanza ile moja ya safari nzima, hata ikizidi bei kidogo. Ukilazimika kuchukua mbili, acha nafasi kubwa kati ya treni na treni, wala usipange kupanda ya mwisho ya siku. Treni ikichelewa, mwone mhudumu akuthibitishie kwa maandishi kabla hujaendelea, na weka risiti zote.

Na sisi huku?

Jambo hili latuhusu pia. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika 1977, na leo hakuna treni ya abiria inayovuka kutoka Voi na Taveta hadi Moshi, ingawa njia ilijengwa tangu enzi za ukoloni. SGR ya Kenya na ile ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, zina upana mmoja wa milimita 1,435. Lakini yetu huvutwa kwa dizeli na yao kwa umeme. Siku zitakapokutana, upana huo hautatosha. Itabidi tuulize juu ya ishara, madereva, pasipoti, na tiketi ya mama anayetoka Likoni kwenda kuona wajukuu Dodoma.

Ulaya ilijenga kwanza ikaja kuzungumza baadaye, na mpaka leo yalipa gharama ya kurekebisha. Sisi bado tunajenga. Mazungumzo hayo yataka yafanywe sasa, kabla zege haijakauka.