Kofia ya mtoto si "uzi tu": hesabu ya kroshia toka Lushoto

Wale wa Dar mnaogombania feni hamtanielewa, lakini Lushoto kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane mtu anavaa koti mchana kweupe. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo unapanda basi jasho linakutoka, ukifika Soni unaanza kutafuta sweta kwenye begi. Kwa hiyo huku mtoto akizaliwa, zawadi ambayo haikosekani ni kofia na soksi za kufuma. Na kila anayefuma ameshasikia maneno haya toka kwa mteja: "Punguza bwana, si uzi tu huo."

Hilo "uzi tu" ndilo limenifanya niandike leo. (Ndiyo, mimi ni mwanaume na nafuma. Shangazi alinifundisha nikiwa darasa la tano. Mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi halafu tuendelee.)

Kwanza tuelewane. Kuna kufuma kwa sindano mbili ndefu, ndiko kunakotoa masweta ya shule. Na kuna kufuma kwa sindano moja fupi yenye ndoano kichwani. Hii ya pili ndiyo kroshia, ndiyo inayotoa vile vitambaa vya makochi na vya juu ya redio ambavyo bibi yako hataki uviguse. Vijana wa sasa ukiwaambia krosheti wanafikiria nywele, na wala hawajakosea sana, maana ile sindano ya saluni inayovuta rasta kupita kwenye msuko ni ndugu wa hii. Tofauti kubwa ni kwamba kwenye sindano mbili unabeba vitanzi vingi kwa wakati mmoja, ukiangusha kimoja kazi inaanza kufumuka. Kroshia unabakiwa na kitanzi kimoja tu. Mteja akiingia dukani unaweka chini, ukirudi unaendelea. Ukiharibu unavuta uzi, unarudi ulipotoka.

Sasa sikilizeni hili. Sweta la shule mashine inaweza kulifuma. Kroshia bado. Watafiti wa Bielefeld, Ujerumani, wametengeneza mashine ya majaribio, lakini viwandani mpaka leo hakuna mashine inayotoa kroshia ya kweli kwa wingi. Zile lesi za dukani zinazofanana nayo ni ufumaji wa aina nyingine. Maana yake ni kwamba blauzi ya kroshia halisi unayoiokota kwenye mitumba, hata kama ilitoka mwisho wa dunia, kuna binadamu alikaa chini akaifuma kitanzi kwa kitanzi. Hakuna njia ya mkato. Ukinunua kroshia umenunua saa za mtu.

Inavyofanya kazi sasa. Unaanza na fundo la kitanzi, unavuta uzi ndani yake, tena, tena, unapata mnyororo. Juu ya mnyororo kuna mishono miwili ambayo ukiijua umeshaijua robo tatu ya kazi. Mshono mfupi: ingiza sindano, vuta uzi, una vitanzi viwili kwenye sindano, vuta uzi upite vyote viwili. Mshono mrefu: zungusha uzi kwenye sindano kwanza, ingiza, vuta, una vitanzi vitatu, pitisha kwenye viwili, kisha pitisha tena kwenye viwili. Basi. Mshono mrefu una urefu kama mara mbili ya ule mfupi.

Kitu kinachowashinda wengi ni duara. Unafuma kitambaa cha meza, kinakunjamana kama bakuli, au kinakuwa na mawimbi kama sketi ya kwaya. Watu wanasema "mkono wangu mbaya". Si mkono, ni hesabu ya form two. Mzunguko wa duara ni mara 6.28 ya nusu kipenyo. Mshono mfupi una upana karibu sawa na urefu wake, kwa hiyo kila raundi duara likikua kwa mshono mmoja, mzunguko unadai mishono kama 6 zaidi. Ndiyo maana raundi ya kwanza ni 6, ya pili 12, ya tatu 18, ya nne 24, unaongeza 6 kila mara. Ukitumia mshono mrefu unaanza na 12 na kuongeza 12. Ukiongeza pungufu, linajikunja kuwa bakuli. Ukizidisha, linatoa mawimbi. Mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimiņa wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alizidisha makusudi, akapata umbo la jiometri ambalo wenzake walikuwa wakihangaika kulitengeneza kwa karatasi zinazochanika. Kwa sindano ya kroshia hii hii.

Na hapo ndipo kofia ya mtoto inapotokea. Kofia ni kitambaa cha mezani kilichoacha kuongezwa. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake kina mzunguko wa kama sentimeta 35. Kofia inatakiwa ibane kidogo, tuseme 33. Gawa kwa 3.14, unapata kama 10.5. Kwa hiyo fuma duara lako mpaka lifike kipenyo cha sentimeta 10 na nusu, acha kuongeza, fuma mshono juu ya mshono mpaka kofia ifike urefu wa kama sentimeta 14 toka utosini. Umemaliza. Mtoto njiti ana kichwa kidogo zaidi, kipimwe kwanza. Hao ndio hasa wanaohitaji kofia, maana kichwa ni sehemu kubwa ya mwili wa mtoto mchanga na joto linapotea hapo. Hata kwenye ile huduma ya kangaruu, mama anapombeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, mtoto anavalishwa kofia na soksi.

Wale mnaochapisha mifano ya kufuma toka kwenye intaneti pale kafe, kuna mtego mmoja. Wamarekani na Waingereza wanatumia majina yale yale kwa mishono tofauti. Mshono mfupi Mmarekani anauandika sc, Mwingereza anauandika dc. Halafu dc ya Mmarekani ni ule mrefu, ambao Mwingereza anauita tr. Ukichanganya, kofia ya mtoto inatoka ya babu yake. Njia rahisi ya kujua: ukiona sc mahali popote kwenye karatasi hiyo, ni ya Kimarekani, kwa sababu Waingereza hawana sc.

Uzi. Gulioni unauziwa mafungu yasiyo na lebo na muuzaji anaapa kila kitu ni sufu. Usibishane naye. Kata kipande kidogo, kichome kwa kiberiti nje, mbali na vitu. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu ya kweli inanuka nywele zilizoungua. Uzi wa kiwandani wa akriliki unayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Akriliki haina ubaya kwa kofia, inafulika vizuri na bei yake inabebeka. Lakini usifume nayo kishikio cha sufuria! Inayeyukia mkononi. Vya jikoni fuma kwa pamba, au hata kwa kamba nyembamba ya mkonge, na sisi watu wa mkoa wa Tanga mkonge si kitu cha kuagiza. Vikapu vidogo vya vitunguu na vya kuwekea vyungu mezani vinapendeza sana kwa mkonge, ila vidole vitakuuma wiki ya kwanza.

Kwa vitu vya watoto nawaomba msome taratibu hapa. Soksi ukimaliza igeuze ndani nje. Ukiona uzi umelegea au kitanzi kimening'inia, ufunge na uukate. Uzi kama huo unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu cha mtoto na kuzuia damu isipite. Mtoto analia usiku kucha na nyumba nzima inasema ni chango. Usifume mishono yenye matundu makubwa kwenye soksi wala glovu. Usiweke utepe mrefu shingoni. Vifungo vya urembo achana navyo, macho ya mdoli yadarizi kwa uzi. Na nyie wa pwani, mtoto akilala ndani kwenye joto mvueni kofia, hiyo ni ya baridi ya huku.

Tuje kwenye hela sasa. Dada mmoja jirani yetu aliuza seti ya kofia, soksi na blanketi dogo kwa shilingi 8,000. Akaona amepata. Tukakaa na kalamu. Uzi 5,500. Utepe na sabuni ya kufulia kabla ya kukabidhi, 500. Imebaki 2,000. Saa alizofuma, tukihesabu jioni moja moja, zilikuwa 14. Gawanya: shilingi 143 kwa saa. Saa nzima ya mikono yake imenunua andazi, tena dogo. Na ana mtoto anayesubiri daftari za shule.

Mtaniambia apandishe bei. Angetaka shilingi 1,000 tu kwa saa, seti ingefika 20,000, na mteja wa Lushoto angeondoka bila kuaga. Mimi naona dawa iko kwenye saa zaidi kuliko kwenye bei. Blanketi ndilo lililokula saa nyingi, na ndilo mteja hakulihesabu kabisa. Litoe kwenye seti, liuzwe peke yake kwa oda, na mteja atangulize pesa ya uzi. Kofia ifumwe kwa mshono mrefu na uzi mnene kidogo, raundi zinapungua karibu nusu. Meza kubwa ya lesi kwa ajili ya kuuza sikushauri hata kidogo, hiyo mfumie mama yako.

Halafu kuna kugawana kazi. Ireland mwaka 1845 iliingiwa na ukungu wa viazi, ugonjwa ule ule ambao wakulima wetu wa viazi wanaupigia dawa kila msimu wa mvua. Watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi. Masista na akina mama wa huko wakafundisha wanawake na watoto kufuma lesi ya kroshia, ikauzwa mpaka kwa matajiri wa London na Paris. Walifanikiwa kwa sababu moja naipenda: kila ua na kila jani lilifumwa peke yake, halafu mwingine akaunganisha. Anayejua ua anafuma maua tu, mkono unakuwa mwepesi. Kikundi cha watu watano hapa mjini kinaweza kufanya hivyo kwa vitambaa vidogo vya kumbukumbu, vile wageni wanaokwenda kuangalia mandhari ya Irente wanaweza kutia mfukoni. Fuma ua, unganisha, bandika kikaratasi: "Kimefumwa Lushoto, saa 2." Mgeni akisoma saa 2 mdomo wa kupunguziwa bei unamwisha. Nimeona kwa macho yangu, zaidi ya mara moja.

Kumbukumbu za nyumbani nazo zina namna yake. Wengi tunakausha vitambaa kwa maji ya sukari visimame vizuri. Sisimizi wanashukuru. Uji mwepesi wa wanga wa muhogo unafanya kazi ile ile. Lakini soksi za kwanza za mtoto unazotaka kumwonyesha siku ya harusi yake, zifue ziishe wanga wote, zikauke kabisa, uzifunge kwenye kitambaa cheupe cha pamba. Huku kwetu ukungu hausubiri, mfuko wa plastiki unaushikilia unyevu ndani. Kama ni sufu, zitoe juani mara kwa mara uzikung'ute, maana nondo wanaila.

Uzi wa pamba ndiyo shida kubwa huku, maduka mengi yanaleta akriliki tu. Mwenye kujua duka la Tanga mjini au Korogwe linalouza pamba ya kufumia kwa jumla aandike hapo chini, na aweke bei kabisa, msituambie "njoo inbox".