Kuvifungia virusi mlango bila kumfungia mzee

Mwishoni mwa Februari 2020, UVIKO-19 iligundulika katika makao ya uuguzi wa wazee mjini Kirkland, jimbo la Washington, Marekani. Hadi Machi 18, maambukizi 167 yalikuwa yamehusishwa na makao hayo: wakazi 101, wafanyakazi 50 na wageni 16. Kati ya wakazi walioambukizwa, takribani mmoja kati ya watatu alifariki dunia.

Katika jiji jirani la Seattle, makazi mengine ya wazee yalipata wagonjwa wawili mapema Machi. Hapa wengi hawakuwa wagonjwa wa kitandani. Kila mtu alikuwa na chumba chake, ila chakula na burudani vilikuwa vya pamoja. Uongozi haukungoja. Ukumbi wa chakula ulifungwa, wageni wakazuiwa, wazee wakatakiwa kubaki vyumbani na wafanyakazi wakaanza kukaguliwa kabla ya kuingia kazini. Wakazi 80 na wafanyakazi 62 walipopimwa, wakazi watatu na wafanyakazi wawili walikutwa na virusi. Wiki moja baadaye aliongezeka mkazi mmoja tu.

Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na aina ya maisha: anayeoga na kuvaa mwenyewe hukutana na mikono michache kuliko anayehitaji kugeuzwa kitandani. Lakini kuwahi nako kulisaidia, maana wakazi wale watatu hawakuwa na dalili zozote siku waliyopimwa.

Hapo ndipo ugonjwa huu unapowazidi watu ujanja. Mtu huweza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajaanza kuumwa. Kwa mzee, dalili zenyewe hujificha. Anaweza asipate homa kabisa; badala yake anapoteza hamu ya kula, anachanganyikiwa au anaanguka. Familia husema "ni uzee tu", kumbe ni maambukizi.

Kinga ya mzee nayo imepungua nguvu. Tezi ya thaimasi iliyopo kifuani, inayokomaza askari wapya wa kinga, husinyaa kadiri umri unavyosonga. Mwili unabaki na askari waliozoea maadui wa zamani, na adui mpya huwakuta hawajajiandaa.

Hata hivyo, chumba kilichofungwa kina gharama yake. Katika utafiti mmoja wa Marekani, wazee wenye afya njema waliolala kitandani siku 10 mfululizo walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu, bila kuhesabu mafuta. Mzee akipoteza nguvu hizo, safari ya kwenda msalani inaweza kuishia kwenye kuvunjika nyonga. Upweke wa muda mrefu nao umehusishwa na magonjwa ya moyo, kiharusi na kupoteza kumbukumbu.

Kwa hiyo maana ya kujitenga ni kukata njia za virusi, si kumkatia mzee maisha. Ainuke kitini na kuketi tena mara kadhaa kwa siku, akiweza. Atembee chumbani, afungue dirisha, aote jua. Apigiwe simu saa ileile kila siku, ili siku asipopokea au akiongea ovyo ijulikane mapema. Dawa zake za presha au kisukari ziwekwe za kutosha.

La mwisho linamhusu mhudumu. Wachunguzi wa Kirkland walibaini kuwa baadhi ya wafanyakazi waliendelea na kazi huku wakiumwa, na wengine walikuwa na ajira katika zaidi ya kituo kimoja. Virusi vilisafiri nao. Wapo ndugu zetu wengi wanaotunza wazee ughaibuni, na wapo mabinti wanaowatunza bibi na babu majumbani mwetu. Mhudumu akikohoa, apumzike na mshahara wake usikatwe. Mwajiri anayembana mhudumu mgonjwa aje kazini anakuwa amevifungulia virusi mlango mwenyewe.