Mtihani wa Darasa la Saba: Mzazi Naye Ana Kazi

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mihogo, mananasi na mikorosho. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya mtihani wa watoto wetu.

Septemba moja nilipita katika shamba la mikorosho huku kwetu Bagamoyo. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilimkuta binti wa darasa la saba anaokota korosho.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Leo si siku ya mtihani?"

"Ni leo. Lakini nyumbani wamesema korosho hazingoji."

Nilimpandisha kwenye pikipiki, tukaenda shuleni. Mtihani wa kwanza ulikuwa umeanza zamani. Alifanya iliyobaki tu. Hakuchaguliwa kwenda kidato cha kwanza.

Ndugu mkulima, nakuambia kama bwana shamba: wakati wa ukavu, korosho ikilala chini siku mbili haiharibiki. Utaiokota keshokutwa. Mtihani ukipita, umepita.

MTIHANI HUU NI NINI?

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Baraza hili liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mtoto wa Bagamoyo na mtoto wa Kigoma hufanya mtihani ule ule, siku ile ile. Hufanyika mwezi wa Septemba, kwa siku mbili. Watoto wa darasa la nne nao hupimwa, baadaye kidogo katika mwaka huo huo.

Maswali mengi ni ya kuchagua jibu. Tangu mwaka 2012, mtoto husiliba kwa penseli kiduara chenye herufi ya jibu lake. Karatasi hiyo husomwa na mashine. Kwa hiyo asisilibe viduara viwili katika swali moja. Akikosea, afute vizuri.

MZAZI AFANYE NINI?

Wazazi wengine husema, "Mimi sikusoma sana. Nitamsaidiaje mtoto?" Unaweza. Fanya haya:

1. Mapema mwakani, nenda shuleni. Hakikisha jina la mtoto limeandikwa sawasawa na lilivyo katika cheti cha kuzaliwa.

2. Panga kazi za shamba. Septemba tunatayarisha mashamba ya vuli, na korosho zinaanza kuanguka. Muulize mwalimu tarehe za mtihani. Tafuta msaada wa ndugu au jirani kwa siku hizo. Mtoto asiokote korosho, wala asiende pwani kusubiri dagaa.

3. Kila jioni mwambie akusomee ukurasa mmoja, hata wa gazeti hili. Kisha muulize, "Umesoma nini?" Akieleza kwa maneno yake mwenyewe, ameelewa.

4. Mpe hesabu za nyumbani. Kwa mfano: tukiuza mananasi 24 kwa shilingi 1,500 kila moja, tutapata shilingi ngapi? Jibu ni shilingi 36,000. Mwache aikokotoe mwenyewe.

5. Usiku wa kuamkia mtihani, alale mapema. Asubuhi anywe uji au ale muhogo. Tumbo tupu halifikiri.

6. Mpe penseli mbili, kichongeo na ufutio.

USIMWAMBIE ASHINDWE

Kuna jambo la aibu, lakini lazima tuliseme. Wapo wazazi wanaomnong'oneza mtoto, "Jaza ovyo, usifaulu." Wanaogopa gharama za sekondari. Wengine wanataka kumwoza binti.

Ndugu msomaji, ada ya sekondari za serikali, kidato cha kwanza mpaka cha nne, ilifutwa mwaka 2016. Sare na madaftari bado ni juu yako. Basi anza sasa kuweka akiba kidogo kidogo kila unapouza mazao. Na kuhusu kuoza: sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza kumwoa mwanafunzi. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 30.

Mtoto uliyemwambia ashindwe hatasahau. Atajua kwamba mlango ulifungwa na mzazi wake.

AKIKOSA JE?

Asiyechaguliwa hajapotea. Usimpige wala usimtukane. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitufundisha kwamba elimu ya msingi si maandalizi ya sekondari tu. Lazima imwandae mtoto kwa maisha. Kuna ufundi, kuna kilimo bora. Njoo naye kwangu, nitamfundisha kupogoa mikorosho.

Lakini kwanza apate nafasi ya kujaribu. Leo jioni, mkalishe mtoto wako karibu. Mpe gazeti hili. Mwambie, "Mwanangu, nisomee."